Malindi hadi Wundanyi kwa baiskeli yenye mizigo: nijiandae vipi?

MtotoWaShella: Hamjambo wadau. Nataka kupiga baiskeli hadi Wundanyi kupitia Mombasa na Voi, na hema, jiko na nguo, kama kilo 25. Huku kwetu ni tambarare tupu, mwinuko wa Sabaki ndio tunaouita mlima. Baiskeli ni mtumba wa giya 21. Giya ndogo ya mbele ina meno 28, kubwa ya nyuma 28 pia. Mazoezi nifanyie wapi?

FundiSpoki: Kabla ya miguu tazama giya, kaka. 28 kwa 28 pedali ikizunguka mara moja na tairi mara moja. Ukiwa na mzigo huo, mlimani utashuka usukume. Tafuta friwili (giya za nyuma) ya meno 34, na mbele ukipata 22 ndio raha. Badilisha na cheni, maana iliyochakaa huruka kwenye meno mapya. Kisha spoki za nyuma! Chumvi ya bahari inazila polepole, hujui mpaka zikatike. Fundi atoe zenye kutu, akaze zote sawasawa.

BiMambrui: Mlima huna, upepo unao. Msimu wa kusi nenda Gongoni asubuhi, rudi alasiri ukipigwa usoni. Funga dumu la lita 5 kila upande, chini karibu na ekseli, uongeze kidogo kidogo. Ila upepo haukufundishi kupanda polepole bila kuyumba. Kwa hilo nenda Marafa, kwenye vilima.

MtaitaHalisi: Karibu kwetu. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, Wundanyi 1,400 hivi, na kazi kubwa ni baada ya Mwatate, kona juu ya kona. Panda kwa giya nyepesi tangu chini, usingoje miguu ikatae. Kushuka ndiko kunakotisha: ukishikilia breki moja kwa moja rimu inapata moto, tyubu inapasuka. Finya, achia, zote mbili, na raba za breki ziwe mpya. Jiko la nini lakini? Vibanda vya chai vipo. Beba sweta badala yake.

MtotoWaShella: Jiko limebaki nyumbani, shukran. Na nikikata njia kupitia lango la Sala, nikwepe malori ya Mariakani?

MtaitaHalisi: Hapana, ndugu. Ile inapita katikati ya Tsavo Mashariki, kuna simba na ndovu. Malori utayavumilia, toka alfajiri, vaa rangi ya kung'aa.