Mrejesho: jiko la mtungi na gesi ya bomba, Bagamoyo

Wakuu, niliuliza kama jiko langu la mtungi litafaa gesi ya bomba ikifika Bagamoyo. Shemeji yangu wa Mikocheni ameshaunganishiwa, nikaenda kujionea. Jiko ni lilelile, ila fundi alibadilisha nozeli (vile vipande vidogo vyenye tundu la kutolea gesi), akaweka zenye tundu kubwa zaidi, maana gesi asilia, yaani hiyo ya bomba, ina nguvu ndogo kuliko ya mtungi kwa ujazo uleule. Ukibaki na nozeli za mtungi, moto unakuwa hafifu, utalaumu maharage bure. Tena gesi ya bomba ni nyepesi kuliko hewa: ikivuja hupanda, wakati ya mtungi hutambaa sakafuni. Anayejenga sasa aweke matundu ya hewa juu, karibu na dari. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar lipo tangu 2015. Kwangu bado mtungi. Jiko jipya sinunui.