Mnaokodisha RV kwa Waswahili wenzenu na kuwatupa Jay Cooke bila maelekezo, acheni!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na walengwa wanajijua. Kuna watu hapa Minnesota wamenunua RV (magari yenye kitanda, jiko na choo ndani) za mitumba, wanazitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na kuzikodisha kwa familia za Wakenya, Watanzania na Wakongo zinazotaka kulala porini wikiendi moja. Kukodisha si kosa. Kosa ni kukabidhi funguo kwa dakika tano, "swichi ya taa hii, choo kile, safari njema", halafu familia ikirudi unakata dipoziti eti vali ya choo imeziba. Mliwaambia lini kwamba choo kile kina tangi?

Nataja Jay Cooke, hifadhi ya jimbo la Minnesota, kwa sababu ndiko mnakowaelekeza wengi: si mbali na Duluth, msitu mnene, mto St. Louis unanguruma kwenye miamba iliyochongoka, picha zinatoka nzuri. Ila hifadhi ya jimbo si hoteli. Saiti (sehemu za kuegesha na kulala) zenye umeme zina umeme tu. Hakuna bomba la maji la kuunganisha kwenye gari, hakuna tundu la maji taka. Maji yote unayotumia umekuja nayo ndani ya gari, na uchafu wote unaondoka nao. Mteja asipojua hilo kabla ya kuwasha injini, mengine yote yataharibika tu.

Tuanze na tangi la choo, maana ndilo linalowaingizia hela za dipoziti. Watu wanaambiwa "msimalize maji", basi wanabana maji chooni. Kinyesi na karatasi bila maji ya kutosha vinarundikana chini ya kiti kama kichuguu, vinakauka, na siku ya kumwaga maji yanapita pembeni huku rundo likibaki. Choo cha RV kinataka maji mengi kila unapokitumia. Kabla ya safari weka lita 10 hivi ndani ya tangi pamoja na dawa ya kuyeyusha uchafu. Karatasi iwe ile laini inayoyeyuka upesi. Wipes za watoto hapana, hata kama pakiti imeandikwa kwamba zinaweza kumwagwa chooni. Na vali ifungwe muda wote. Ukiiacha wazi huku kifuniko cha bomba kimefungwa, uchafu wote unasubiri nyuma ya kifuniko, na atakayekifungua ndiye atakayeoga.

Tangi la pili ni la maji ya jikoni na bafuni, na hapa ndipo hasira zangu zilipo hasa. Kwenye RV ya wastani linabeba lita 110 hadi 130. Pampu ya gari inatoa karibu lita 7 kwa dakika. Mtu mmoja akioga dakika tano bila kufunga bomba ni lita 35. Watu watatu wameoga, hujaosha hata sufuria, tangi limekaribia kujaa. Likijaa, maji yanarudi juu kupitia tundu la bafu, yakiwa na vipande vya vitunguu. Mteja anapanik, anakupigia simu, hupokei. Giza likiingia anafungua vali na kuachia maji ya sabuni na mafuta ya mbuzi chini ya gari, pale pale msituni, yatafute njia ya kwenda mtoni. Hilo limekatazwa hifadhini, na atakayeulizwa ni yeye, si wewe uliyelala kwako Brooklyn Park. Mafuta yale pia yanaita dubu. Dubu weusi wapo kule, hii siyo hadithi ya kutishia watoto.

Dawa yake ni rahisi mno kiasi kwamba kutoisema ni uzembe. Ogeni kwenye mabafu ya hifadhi. Ndani ya gari unajimwagia, unafunga maji, unajisugua, unafungua tena kujisuuza. Sahani zipanguswe mafuta kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na karatasi iende kwenye takataka. Na msiamini taa za kipimo cha tangi: karatasi ikinata kwenye sensa inasoma "limejaa" mwaka mzima.

Kituoni mwa kumwagia uchafu wa matangi, utaratibu ni huu. Vaa glavu. Unganisha mpira wa maji taka kwenye gari na uusikie umekaza, kisha upande wa pili uingie vizuri kwenye tundu la chini. Fungua vali ya choo KWANZA, subiri mpaka mlio wa maji ukome, ifunge. Ndipo ufungue ya maji ya sabuni, ambayo yatausuuza mpira. Mkianza na ya sabuni mnasafiri na mpira wenye kinyesi. Bomba la kusuuzia lililoko pale si la maji ya kunywa, na mpira wenu wa kujazia maji ya kunywa usiguse bomba hilo hata siku moja. Nimeona gari zenye mpira mmoja tu kwa kazi zote mbili. Mwenye gari, unafikiri watoto wa watu watakunywa nini?

Umeme. Plagi ya ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, basi. Kiyoyozi cha paani kinakula 1,500 hivi, hita ya maji ikiwa kwenye umeme 1,400, birika la chai 1,500. Jumlisha mwenyewe uone kwa nini breka (swichi inayokata umeme ukizidi) inajikata kila asubuhi. Hita iwekwe kwenye gesi wakati kiyoyozi kinafanya kazi, na birika lisubiri. Kabla ya kuchomeka, breka ya kwenye nguzo izimwe, chomeka, kisha washa. Ukichomeka ikiwa imewashwa na kiyoyozi kiko tayari, cheche inaunguza meno ya plagi, na plagi iliyoungua inapata moto zaidi safari ijayo hadi inayeyuka. Na ule waya mwembamba wa rangi ya machungwa wa mashine ya kukatia nyasi mnaowapa kama ekstensheni, utoeni. Unatosha mashine ya nyasi. Weka pia kifaa cha kulinda umeme kinachokata volti zikishuka chini ya 105 hivi; siku ya joto kila mtu amewasha kiyoyozi, volti zinashuka, na kompresa ndiyo inayokufa.

Sasa kuegesha. Udongo wa bonde lile ni mfinyanzi mwekundu. Mvua ikipiga unateleza, na gari la tani tano likitoka nje ya changarawe halitoki kwa kusukumwa na wajomba. Kaeni kwenye changarawe. Shukeni mwangalie matawi kabla ya kurudi nyuma: gari likiwa na kiyoyozi paani linafika mita 3.3 au zaidi, na paa la mpira tawi linalichana bila hata kelele. Kisha lisawazishwe kwa vibao chini ya tairi, kabari ziwekwe, ndipo miguu ya pembeni ishushwe. Miguu ile ni ya kuzuia mtikisiko, haijatengenezwa kunyanyua gari. Kusawazisha si suala la usingizi tu. Friji inayotumia gesi inategemea amonia inayojiteremkia yenyewe kwenye mabomba. Gari likiinama sana inakwama, friji inaacha kupoza, na ikiendelea hivyo kwa muda inaharibika moja kwa moja. Nyama ya choma imeoza, dipoziti imeliwa.

Mto wenyewe. Rangi ya kahawia inatokana na mboji ya vinamasi vya juu, lakini msijaze tangi kutoka humo. Juu ya hifadhi kuna bwawa la umeme la Thomson, kwa hiyo maji yanaweza kupanda hata kama ulipo hakuna wingu. Miamba iliyolowa inateleza, na mkondo ule hauogelewi. Mwezi Juni 2012 mafuriko yalibomoa sehemu ya daraja la kuning'inia na kukata barabara ya 210. Waambieni wateja waangalie utabiri wa mvua ya eneo zima, siyo ya saiti yao.

Kuni msiwabebeshe kutoka kwenye ua wa nyumba zenu. Hifadhi za Minnesota zinataka kuni zilizoidhinishwa, kwa sababu ya mdudu wa kijani anayetoboa na kuua miti ya ash, ambaye anasafiri ndani ya kuni. Na kelele mwisho saa 4 usiku hadi saa 2 asubuhi, pamoja na spika zenu za rumba.

Kwa mteja anayesoma hapa: kabla hujatoa hela, inama ubavuni mwa tairi usome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za RV zinazeeka zikiwa zimesimama, kashata bado nzuri lakini mpira umekufa. Ikipita miaka saba, rudisha funguo. Bonyeza kitufe cha kujaribu king'ora cha gesi na cha kaboni monoksaidi (hewa ya sumu). Kisipolia, usiondoke. Mwambie mwenye gari akuoneshe vali zote mbili kwa mkono wake, na umrekodi kwa simu akieleza. Atakayekataa kurekodiwa umeshamjua.

NYONGEZA: Kwa waliouliza kuhusu baridi ya usiku kwenye saiti isiyo na umeme. Hita ya gesi inatumia feni ya betri, karibu ampea 7. Betri ya asidi ya Ah (ampea kwa saa) 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani Ah 50. Feni ikifanya kazi nusu ya usiku wa saa 10 inakula Ah 35, kwa hiyo inafika asubuhi ikiwa taa na pampu mmezitumia kwa adabu. Kuwasha majiko ya kupikia ili kupasha chumba joto ni MARUFUKU, hewa ya sumu haina harufu. Na jenereta msilale nayo ikiwaka, hata kama dirisha mmelifungua.