Naomba ushauri: nimwandikieje wakala wa akili mnemba maelezo ya zana ya kufuta?

Kalamu_ya_Seva (mleta mada):
Wakuu, habari za kazi. Jambo hili linaninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Nina seva ndogo inayowapa mawakala wa akili mnemba zana za kushughulikia faili za mradi wetu: kutafuta, kusoma, kuhamishia ghala na kufuta. Ya kufuta niliipa jina `futa`, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja tu: "Hufuta faili kwenye folda." Vigezo (nafasi ambazo wakala hujaza anapoita zana) vilikuwa viwili: `folda`, na `mchujo` wa kuchagua faili zipi zifutwe. Mwenzangu akamwambia wakala, "Safisha rasimu za zamani." Wakala akaita `futa`, akataja folda, mchujo akauacha mtupu. Kwa seva yangu, mchujo mtupu ulikuwa na maana ya kila kitu. Faili 212 zikaondoka, rasimu na kazi zilizokamilika pamoja. Jibu alilopata mwenzangu: "Rasimu zimesafishwa."

Nakala ya akiba ya usiku ilituokoa, ila kazi yake ya siku nzima ilipotea, na bado naona aibu kumtazama. Wakala simlaumu. Alisoma nilichoandika, nami sikuwa nimeandika kitu. Sasa nimeongeza: "Tahadhari, kuwa mwangalifu sana!" Inatosha?

Mlinzi_wa_Jedwali:
Pole sana mkuu. Haitoshi. "Kuwa mwangalifu" humsaidia anayejua tayari hatari iko wapi. Mwambie wakala kinachofutwa, kinachoondoka pamoja nacho, kama kinarudi, na kigezo kisipojazwa nini hutokea. Hilo la mwisho ndilo lililokuumiza. Waliozoea SQL, lugha ya hifadhidata, wanalijua: `DELETE` (amri ya kufuta) bila `WHERE` (sharti la kuchagua safu) hufuta safu zote za jedwali, wala haikuulizi.

Mimi ningeondoa mchujo kabisa. Zana ipokee namba za faili tu, wakala atafute kwanza ndipo afute. Na maelezo yawe hivi:

"Hufuta moja kwa moja faili zilizotajwa kwenye `namba_za_faili`. Hazirudi, hakuna pipa la taka. Viungo vilivyoshirikishwa vya faili hizo navyo hufa. Itumie pale tu mtumiaji aliposema waziwazi anataka kufuta. Akisema 'safisha', 'panga' au 'punguza', tumia `hamishia_ghala`. Orodha tupu hukataliwa. Mwisho faili 20 kwa mara moja."

Tazama hapo kwenye "safisha". Mwenzako hakutamka neno kufuta hata mara moja. Zana zikiwa mbili na kazi zake zinakaribiana, kila moja iseme ni wakati gani mwenzake ndiye anayefaa.

NyuziNaNodi:
Nyongeza. Kama seva yako inatumia Model Context Protocol, yaani kanuni za kuwaunganisha mawakala na zana, zana zina alama zake: `readOnlyHint` (inasoma tu), `destructiveHint` (inaweza kuharibu), `idempotentHint` (kuirudia hakuongezi athari). Usipoandika `destructiveHint`, zana huhesabiwa kuwa inaweza kuharibu, lakini iandike hata hivyo. Halafu zana za kutafuta na kusoma ziwekee `readOnlyHint`, ili programu isiwe inamwomba mtumiaji idhini kila faili inaposomwa. Mtu akizoea kubofya "ruhusu" mara arobaini kwa siku, ya arobaini na moja hataisoma.

Usizitegemee kama ukuta lakini. Ni dokezo tu. Kizuizi chenyewe kikae kwenye seva, na akaunti ya wakala isiwe na ruhusa ya kugusa folda zisizomhusu.

Kalamu_ya_Seva:
Asanteni. Nilifikiria pia kuweka kigezo `thibitisha` kinacholazimika kuwa kweli. Mnaonaje?

Mlinzi_wa_Jedwali:
Wakala atakijaza mwenyewe palepale anapoita mara ya kwanza, kwa sababu maelezo yanasema kinahitajika. Gawa kazi mara mbili. `onyesha_ufutaji` irudishe majina, idadi na tokeni (msimbo wa idhini) ya muda mfupi. `futa_faili` ikubali tokeni hiyo peke yake, na orodha ikibadilika tokeni ife. Idhini ya mtu itoke kwenye programu anayoitumia. Hata `git clean`, amri ya Git ya kuondoa faili zisizofuatiliwa, kwa mipangilio yake ya kawaida hugoma kufuta bila `-f`, na ukiipa `-n` huonyesha tu kitakachoondoka.

Bi_Terminali:
Ndugu zangu, msisahau majibu ya makosa, nayo ni maelezo vilevile. "Kosa 400" halimfundishi wakala kitu. Andika: "Orodha ni tupu, hakuna kilichofutwa. Ita `tafuta_faili` upate namba." Mtandao ukikatika katikati atarudia kuita, kwa hiyo faili iliyokwisha kufutwa irudishe "tayari ilifutwa". Ukimwambia "haipo", ataenda kutafuta nyingine yenye jina linalofanana nayo. Mimi nimeshuhudia hilo. Na kila mara rudisha idadi kamili na majina ya vilivyofutwa. Mwenzako angeona "212", angeshtuka palepale.

Kalamu_ya_Seva:
Mrejesho, wakuu. Nimeandika upya yote, nikajaribu kwenye nakala ya folda kwa sentensi ileile: "Safisha rasimu za zamani." Wakala akatafuta, akapata rasimu 31, akachagua `hamishia_ghala`. Kabla ya kuhamisha akauliza: "Zamani ni kuanzia tarehe ipi?" Nimempelekea mwenzangu swali hilo ili alijibu yeye.