Wakuu, kamba ya kuzamia pangoni ninunue mita ngapi? Nina siku nne tu

Kaskazi81: Wakuu, salamu. Nazamisha watalii hapa Unguja mwaka wa sita sasa, baharini kwenye miamba, sijawahi kupoteza mtu. Kuna mgeni anataka pango moja la huku maweni, upande wa mashariki. Unashuka kwa mizizi, chini maji baridi, matamu, wanakijiji wanachota. Kwa ndani linaendelea gizani. Anatoa dola 600 tuingie wawili. Swali langu dogo: kamba mita ngapi, na tochi gani inatosha? Tope la humo ni kama unga wa muhogo, ukigusa tu linapanda. Jumamosi ndiyo siku.

Mtoto wa Makunduchi: Kabla ya kamba, sheha anajua? Wazee wa pango wamepewa habari? Babu yangu aliingia pangoni kufuata mbuzi, akatoka, siku tatu hasemi. Mbuzi hakuonekana mpaka leo. Peleka ubani kwanza.

Dereva wa Noah: Dola 600 inatosha sanda na basi la msiba, chenji inabaki 😂

MamaSaumu: Si ndilo la Kuza, kule Jambiani? Niliwapeleka wanangu Idi, waliogelea mpaka wakachoka. Mwanangu, woga wa nini?

Kaskazi81: Si Kuza, mama. Na kuogelea juu si kuzamia ndani.

Mtungi Mtupu: Nimefanya kazi Mexico, Yucatán, mapango ya maji matamu ndiyo riziki ya watu kule. Giza linapoanza utakuta kibao kina mifupa imevaa joho, imeshika mundu. Hakikuwekwa kwa ajili ya watoto. Kimewekwa kwa ajili ya walimu wa baharini kama wewe, maana nao wamefia humo. Ila nikuulize: umejuaje tope ni kama unga wa muhogo?

Kaskazi81: Wenyeji wameniambia.

Mtungi Mtupu: Wenyeji wanachota maji kwa ndoo. Hilo tope la ndani walilikanyaga lini?

Kaskazi81: Sawa. Tuliingia Ijumaa iliyopita, kuangalia tu. Hatukwenda mbali, kama daladala tatu zimepangana. Chini kidogo maji yakaanza kucheza kama yana mafuta, nikaonja chumvi pembeni ya mdomo. Kugeuka, mgeni akapiga miguu kwenye tope, sikuona hata mkono wangu. Nilimshika mkanda, nikapapasa dari mpaka nikaona mwanga. Niliingia na hewa bar 200 kwenye geji, nikatoka na 30. Lakini si tulitoka? Kilichokosekana ni kamba, ndiyo maana nauliza kamba. Na dola 300 alishanipa, zimekuwa bati, ziko juu ya nyumba.

Kijana wa Temeke: Wale watoto 12 waliokwama pangoni Thailand 2018 si walitolewa wote? Hata kuzamia hawajui.

Mtungi Mtupu: Walibebwa na wazamiaji wa mapango, wamelazwa usingizi kwa dawa. Na Saman Kunan, aliyekuwa komando wa majini, alikufa humohumo akitoka kupeleka mitungi ya hewa. Alipoteza fahamu majini.

Bwana Ushahidi: Chai hii, tena ya rangi. Pango wanachota maji ya kunywa halafu ndani kuna chumvi? Mtu kajiunga juzi, mgeni hana nchi. Mods, futeni.

Dereva wa Noah: Leteni vitumbua basi.

Mtungi Mtupu: Hapo kwenye chumvi ndipo nilipomwamini. Maweni ni jiwe la matumbawe, linapitisha maji. Ya mvua ni mepesi, yanaelea juu ya ya bahari yanayopenya kwa chini. Yanapokutana macho yanaona ukungu. Anayetunga hadithi halijui hilo.

Kaskazi, sikiliza. Kamba shida yake si urefu. Inafungwa nje, penye maji ya wazi, inakwenda nawe bila kukatika, unarudi nayo kwa mkono ukiwa umefumba macho. Hewa: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, ya tatu si yako, ni ya mwenzako akiishiwa. Kwa 200, geji ikisoma 140 unageuka. Wewe ulitoka na 30. Tochi tatu kila mtu, moja ya kazi na mbili za akiba. Na hata ukiwa na vyote hivyo, bila mafunzo ya mapango usiingie palipo na dari. Baharini ukipata shida unapanda juu. Humo juu ni jiwe.

Kaskazi81: Mafunzo hayo hapa nitayapata wapi? Nauli ya Mexico nani atanipa? Si kila mtu ana njia yako, kaka.

MamaSaumu: Una watoto, baba?

Kaskazi81: Wawili.

Kaskazi81: Nimemwandikia mgeni, nimemwambia twende miamba ya nje Jumamosi, pango basi. Amejibu atatafuta mwingine, na anataka 300 zake.

Mtoto wa Makunduchi: Mrudishie kidogo kidogo. Bati usizishushe, masika yanakuja.

Kijana wa Temeke: Mkuu, kama umeghairi nitumie namba yake pembeni. Mtungi sina, ila tochi ninazo mbili.