Quanzhou inafaa kumpeleka mama? Naomba ushauri

Binti Kariakoo
Habari zenu wakuu. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kufunga mzigo, ila safari hii naongozana na mama. Ni mtu wa Kilwa, na sitaki arudi nyumbani akiwa ameona maghala ya vitambaa tu. Nasikia mkoa wa Fujian kuna mji wa Quanzhou wenye msikiti wa kale. Magoti yanamsumbua, na chakula lazima kiwe halali. Panafaa, au nimpeleke Xiamen wanakokwenda wengi?

Nahodha Mstaafu
Mpeleke Quanzhou, mwanangu. Ndiyo bandari ambayo mabaharia wa Kiarabu waliiita Zaytun. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Kilwa mwaka 1331, na miaka kadhaa baadaye akafika bandari hiyo, akaisifu kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Msikiti wa Qingjing ulijengwa 1009, uko barabara ya Tumen, mjini katikati, hakuna kilima cha kupanda. Ukumbi wa zamani hauna paa. Zimebaki kuta za mawe, madirisha yanayotazama barabarani, na aya zilizochongwa ukutani. Ukimwacha mama akae pale kwa utulivu, atakumbuka Msikiti Mkuu wa Kisiwani, upande ule ulioachwa wazi.

Pweza wa Nazi
Mimi nasema Xiamen. Bahari safi, na kisiwa cha Gulangyu kinapendeza mno.

Msomi wa Fujian
Gulangyu ni pazuri, lakini magari ya kawaida hayaruhusiwi na njia zina miinuko. Kwa magoti ya mama, hapana. Mpitie Xiamen tu mkibadilisha treni, kisha Quanzhou ni karibu.

Dada, siku moja nzima iwe ya makumbusho ya bahari. Kuna mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kiarabu, ya wafanyabiashara waliofia pale mamia ya miaka iliyopita, na mama kama anasoma Kurani atayatambua maneno mengi mwenyewe. Halafu hekalu la Kaiyuan, lenye minara miwili mirefu ya mawe. Uani mwake kuna jengo la meli ya enzi za Song, watawala wa kale wa China, iliyofukuliwa 1974, ilikutwa na ubani, ambari na pilipili manga. Mtu wa pwani hahitaji maelezo mengi mbele ya shehena ile.

Makaburi ya kale ya Kiislamu ya Lingshan yako nje kidogo ya mji na yana ngazi, chukueni teksi na mwende taratibu. Zheng He, amiri wa meli za China, alizuru hapo 1417 kabla ya safari iliyomleta hadi pwani yetu, na jiwe la kumbukumbu lipo.

Binti Kariakoo
Ahsanteni sana, nimepata moyo. Na lile daraja la kale la Luoyang, hapo Quanzhou, mnasemaje? Chakula je?

Nahodha Mstaafu
Daraja lilijengwa 1053 hadi 1059. Mafundi walipandikiza chaza kwenye misingi ili magamba yao yagandishe mawe pamoja. Nendeni maji yakiwa yametoka, chaza mtawaona kwa macho. Si lazima alivuke lote.

Mama Swaumu
Kuhusu chakula, uwe makini, dada yangu. Nyama ya nguruwe huingia hata kwenye supu usiyoitegemea. Tafuta migahawa yenye maandishi 清真 (yaani halali), mingi ni ya tambi za Lanzhou, na wanamkaribisha Mwislamu vizuri. Malipo ni ya simu karibu kila mahali, kwa hiyo unganisha kadi yako na Alipay ukiwa bado Dar. Hoteli ndogo nyingine hazipokei wageni wa nje, uliza kabla ya kulipia.

Msomi wa Fujian
Nyongeza moja muhimu: kuanzia tarehe 1 hadi 7 Oktoba China yote iko likizo. Treni hujaa, barabara ya Xi Jie pale Quanzhou haipitiki, na mama atachoka bure. Malizeni kwanza mambo ya mzigo, muondoke Guangzhou baada ya tarehe 8. Tiketi hukatwa kwa pasipoti, na ya mama iwe nawe.