Tulilipia kutembezwa Alexandria, tukaishia kushindishwa madukani. Mnaopanga kwenda Misri someni hapa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzipunguza. Tumetoka Misri mimi na mama yangu mzazi, tulikwenda kumtazama mdogo wangu anayesoma Al-Azhar. Tukiwa kule tukalipia ziara ya siku moja kutoka Cairo kwenda Alexandria. Dola 85 kila mtu, watu watatu. Kampuni ina ofisi, ina ukurasa wenye picha nzuri za bahari na sifa za kila aina kutoka kwa wateja. Jina siliweki kwa sasa kwa kuwa malalamiko yangu bado wanayo mkononi, ila walivyotufanyia nitasema chote.

Ratiba waliyotutumia WhatsApp ninayo mpaka leo. Makaburi ya Kom el-Shoqafa, nguzo ya Pompey, ngome ya Qaitbay, msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi, Maktaba ya Alexandria kwa ndani, samaki mchana, bustani za Montaza, kisha kurudi Cairo. Neno duka halimo popote. Mdogo wangu aliisoma na ile ya Kiarabu, nako halimo.

Niwaambie kwanza kwa nini safari hii ilikuwa na uzito kwetu. Mama ni mtu wa Kilwa, amekulia kwenye twarika ya Shadhiliyya, na wa kusini mnajua twarika hiyo ilivyoshika mizizi kule. Abu al-Abbas al-Mursi ndiye aliyeachiwa uongozi na Sheikh Abu al-Hasan al-Shadhili mwenyewe. Alitokea Murcia, Andalusia, akaja kuishi Alexandria mpaka alipofariki kwenye miaka ya 1280, na kaburi lake limo ndani ya msikiti huo. Jirani yake kabisa upo msikiti wa Imam al-Busiri, aliyetunga Burda, kasida ya kumsifu Mtume, ambayo mama anaijua kwa moyo tangu msichana. Piramidi hakuzitaka. Alisema, "Mwanangu, mimi nipelekeni kwa Sheikh Mursi nikasome Fatiha, mengine tazameni nyinyi." Nilimwambia mtu wa kampuni hivyo hivyo kabla sijalipa, naye akajibu kwamba msikitini tutakaa saa nzima. Ujumbe huo nao ninao.

Tukachukuliwa saa moja asubuhi kwa haisi, abiria tisa. Cairo mpaka Alexandria ni kama kilomita 220, karibu saa tatu barabarani, kwa hiyo kila dakika ya asubuhi ina thamani. Hatujatoka hata Giza, gari likakunja kona na kusimama kwenye duka la mafunjo. Mwongozaji akasema tunakwenda kuona namna Wamisri wa kale walivyotengeneza karatasi, dakika kumi tu. Ni kweli kijana mmoja alikata bua, akalichana vipande, akavipanga na kuvigonga. Hilo lilichukua muda mfupi. Baada ya hapo mlango ukafungwa, kila abiria akawekewa muuzaji wake. Wanakuuliza jina, wanaliandika kwa herufi za kifarao kwenye picha kabla hujakubali, halafu wanakudai. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akishika magoti yake. Tulitoka pale karibu saa tatu.

Mimi nimetembeza wageni magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miaka mingi, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sijui kazi hii. Kamisheni za maduka nazijua, hata Arusha na Unguja zipo, dereva akipeleka wageni kwenye vinyago anapata chake. Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki. Lakini mgeni unamwambia kabla, na akisema hapana unapita. Siku aliyoilipia ni yake, huna haki ya kuikata vipande ukawauzia wenye maduka.

Tukafika Kom el-Shoqafa jua limeshapanda. Wakuu, hapo ni mahali pa ajabu na nasikitika tulivyopitishwa mbio. Ni makaburi yaliyochimbwa kwenye mwamba, ya karne ya 2, yakafichuka mwaka 1900 pale punda alipotumbukia shimoni. Unashuka kwa ngazi ya kuzunguka yenye vidato 99, na katikati yake kuna kisima kikavu walichotumia kushushia maiti kwa kamba. Kuna ukumbi ndugu walikokuja kula chakula na kuwakumbuka wafu wao. Na kwenye chumba kikuu yupo Anubis, yule mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, amevalishwa mavazi ya askari wa Kirumi! Kwa mtu anayependa historia, sanamu ile peke yake inakueleza jinsi Wamisri, Wagiriki na Warumi walivyochanganyikana katika mji huu. Mwongozaji hakuitaja. Alibaki juu kivulini na simu yake, akatupa dakika ishirini. Niliyaona kwa sababu nilikuwa nimesoma kabla. Wale wazee wawili wa Kihindi tuliokuwa nao walishuka na kupanda bila kujua walichokiangalia.

Kwenye nguzo ndipo nilipoanza kubishana naye. Aliwaambia watu kwamba Julius Caesar aliijenga nguzo ile juu ya kichwa cha Pompey. Hadithi hiyo ya kichwa waliizua wasafiri wa Ulaya zamani, ndipo jina likaganda. Nguzo ilisimamishwa kwa heshima ya kaisari Diocletian, karibu miaka 300 baada ya Kristo, na jina lake limechongwa kwenye kitako kwa Kigiriki. Pompey, jemadari wa Kirumi, aliuawa mwaka 48 kabla ya Kristo, tena Pelusium, mbali na hapo. Mwongozaji mwenye leseni analijua hilo. Na Misri kazi hii ina leseni ya wizara na chama chake cha kisheria, mtu anatakiwa avae kitambulisho. Nilimuomba aonyeshe chake. Akasema kipo kwenye gari. Kwenye gari akasema kipo nyumbani.

Sasa tiketi, na hapa msome taratibu. Bei ya kiingilio haikuwemo kwenye dola 85, na hilo lilikuwa limeandikwa, sina neno nalo. Lakini maeneo mengi ya kale ya Misri siku hizi hayapokei pesa taslimu, ni kadi tu. Basi mwongozaji akakusanya keshi yetu yote garini, bei ya mtu mzima mgeni kwa kila mmoja, akasema yeye atapitisha kadi yake ili kuturahisishia. Mwanafunzi mwenye kitambulisho halali analipa nusu. Mdogo wangu anacho, na walikuwamo vijana wengine wawili wanafunzi pia. Alichukua vitambulisho vyao, akaenda dirishani, akarudi akawapa walinzi tiketi zote kwa pamoja asitupe hata moja. Mdogo wangu akamfuata mlinzi akaomba tiketi yake kwa Kiarabu. Imeandikwa mwanafunzi. Kwa hiyo alinunua tiketi za nusu bei, nusu nyingine ikaingia mfukoni mwake. Nimeipiga picha.

Tangu hapo akajua kwamba kuna anayeelewa Kiarabu garini, akawa anamnong'oneza dereva. Lakini kabla ya hapo, wakati tunaingia mjini, alikuwa anapiga simu kwa sauti, na mdogo wangu alisikia kila neno: anamwambia mtu kwamba ana wageni tisa, atawafikisha baada ya chakula, na atawashikilia mpaka saa ya kutosha.

Chakula sitakipotezea muda. Samaki alikuwa mzuri, maji na chai vikalipishwa pembeni kwa bei ya hotelini.

Baada ya chakula tukajua simu ile ilikuwa ya nini. Duka la manukato. Tukaketishwa kwenye makochi, tukaletewa karkade, kile kinywaji chao chekundu cha maua, milango ikafungwa kama kule kwenye mafunjo. Mafuta ya yungiyungi, mafuta ya yasmini, chupa za vioo, kila mmoja anapakwa mkononi mpaka kwenye kiwiko. Wanakwambia hii inatibu pumu, hii inatibu kipandauso, hii kisukari. Walimwambia mama, mwanamke mzima mwenye maumivu, kwamba chupa moja ya dola 60 itamponya magoti. Mtu anayemuuzia mgonjwa manukato kwa jina la dawa ni mtu mbaya na sina neno jingine la kumwita. Nilipomwambia mwongozaji tuondoke, alijibu kwamba ratiba ni ya kundi. Nilipoliuliza kundi zima, watu wote tisa walisema wanataka kuondoka. Akasema dereva amekwenda kuswali. Dereva alikuwa nje anavuta sigara, mdogo wangu alikwenda akamkuta.

Tulikaa mle zaidi ya saa moja na nusu. Hiyo ndiyo saa ya Sheikh Mursi.

Tulipofika Qaitbay geti limeshafungwa kwa wanaoingia. Tukasimama nje na upepo. Hapo pia akatoa yake, akasema ngome ile ndiyo mnara wa taa wa kale wenyewe, umekarabatiwa. Siyo! Mnara wa Pharos ulikamilika karibu mwaka 280 kabla ya Kristo, ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, ukaja kubomolewa na matetemeko, lile la mwaka 1303 likiwa kubwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliuona mwaka 1326 upande mmoja umeshaporomoka, na aliporudi mwaka 1349 umebomoka kiasi kwamba hakuweza hata kuufikia mlango. Ni Ibn Battuta huyo huyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na wageni wangu pale Kisiwani huwa nawaeleza habari zake. Sultani Qaitbay alikuja kujenga ngome yake mwaka 1477, mahali pale pale mnara uliposimama. Simulizi yote hiyo alikuwa nayo bure, anaweza kuieleza hata geti likiwa limefungwa, na watu wangeridhika nusu. Hakuijali.

Kutoka Qaitbay mpaka kwa Sheikh Mursi ni karibu sana, gari lilifika mara moja. Mnara wa msikiti ule unapita mita 70, unauona toka mbali, jengo jeupe la sasa lilichorwa na Mario Rossi, Mtaliano aliyesilimu. Mama akaanza kujitanda vizuri ushungi, akatoa tasbihi. Gari halikusimama. Mwongozaji akasema kuna foleni, tukisimama tutafika Cairo usiku wa manane, tuuangalie dirishani. Nikamwambia asimamishe gari, mdogo wangu akamwambia kwa Kiarabu, yule mzee wa Kihindi akamwambia kwamba wao watasubiri, hawana haraka. Akamwambia dereva apige mwendo. Mama akanishika mkono, akasema, "Acha baba, usigombane ugenini." Akaisoma Fatiha yake humo humo garini, msikiti unapita.

Hilo ndilo sitamsamehe. Tiketi nitadai, ile fedha ni hesabu tu. Lakini mama yangu hana umri wa kupanga safari nyingine ya Misri.

Maktaba tukapigishwa picha kwa nje, mbele ya ule ukuta wa granaiti ya Aswan uliochongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Ndani kuna ukumbi wa kusomea wa ngazi 11 na makumbusho ya miswada ya kale, mdogo wangu alitamani miswada ile kuliko kitu chochote. Imefunguliwa tangu mwaka 2002, yeye yuko Misri na hajaiingia. Montaza hatukufika kabisa. Garini wakati wa kurudi bado alipitisha bahasha ya bakshishi.

Nilichokwisha kufanya: nimeandikia ofisi yao nikaweka ratiba, ujumbe wa "saa nzima msikitini", picha ya tiketi na saa tulizoingia na kutoka kwenye kila duka (picha za simu zinaonyesha saa). Jibu lao ni kwamba maduka ni "zawadi ya kitamaduni kwa wageni" na kwamba wanatupa punguzo la asilimia 10 tukirudi. Mdogo wangu amepeleka nakala polisi wa utalii na chama cha waongozaji ili wahakikishe kama yule bwana ana leseni.

Mnaokwenda, ombeni ratiba yenye saa ya kufika na kuondoka kila mahali, na iandikwe wazi kwamba hakuna kituo cha duka. Muulizeni mwongozaji kitambulisho kabla gari halijaondoka. Tiketi lipeni wenyewe kwa kadi yenu dirishani, wanafunzi shikeni vitambulisho vyenu mkononi. Au achaneni na haya makundi kabisa, pandeni treni kutoka stesheni ya Ramses Cairo asubuhi, mkifika mnachukua teksi na kukaa mnapotaka kwa muda mnaotaka. Mdogo wangu anasema wanafunzi wenzake wote wanafanya hivyo.

Nina swali moja kwa wadau. Nililipa dola 255 kwa kadi ya benki ya hapa Tanzania, na huduma nyingi nilizolipia sikupewa. Kuna aliyewahi kuiomba benki yake irudishe malipo ya namna hii yaliyokwenda kampuni ya nje? Ulipeleka vielelezo gani, na walikupa muda gani wa kuwasilisha? Nijibuni hapa hapa, nataka niende benki wiki hii.