Canon 600D ya mtumba au 2000D mpya: pesa ya kikundi iende wapi?

Kijana wa Igoma
Wakuu, mwadila. Tuko watano, tumesajili kikundi cha picha na video: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali. Tumeomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya vijana. Kwenye andiko tumeweka kamera moja, lenzi ya pili, flashi na tripodi. Sasa tumegawanyika. Wawili wanataka Canon 2000D mpya, bado iko kwenye boksi. Sisi watatu tunataka 600D iliyotumika, halafu kinachobaki kinunue lenzi ya 50mm na flashi. 600D ilitoka 2011, 2000D ikatoka 2018. Wenzetu wanasema pesa ya umma hainunui mtumba. Ni kweli? Na kwa kazi zetu hizi, ipi itatulisha?

Mkazi wa Buzuruga
Wana haki hao wawili. Mkopo unarudishwa. Kamera ya mtumba ikizima mwezi wa pili mtarudisha na nini? 2000D ni ya 2016, ina megapikseli 24 na waifai, na ukinunua dukani unapata waranti. Hiyo 600D hujui imepita mikono mingapi. Kwenye kamera hizi Canon hawaandiki kwenye menyu shata (lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga) imepigwa mara ngapi, kwa hiyo muuzaji atakutajia namba anayotaka yeye.

Mzee wa Makoroboi
Mdogo wangu wa Igoma, nimeshika kamera tangu enzi za mkanda wa picha 36, ukiisha umeisha. Chukua 600D. Ina tundu la maiki, 2000D haina. Skrini yake inafunguka na kugeuka, ya 2000D imegandishwa mgongoni. Inapiga picha 3.7 kwa sekunde, mpya inapiga 3. Sehemu za fokasi ni 9 huku na 9 kule. Hata ubongo ni DIGIC 4 kwa DIGIC 4+, watoto wa mama mmoja. Ila flashi usikose. Ukumbini usiku bila flashi, watu wetu sisi weusi wanabaki meno tu.

Fundi Lenzi
2016 ni 1300D. 2000D ni 2018, mleta mada ameandika sawa. Tusipotoshane.

Mkazi wa Buzuruga
Mkuu, miaka miwili ndiyo ya kunisimamishia uzi? Hoja yangu ni waranti.

Dada wa Pasiansi
Mzee wa Makoroboi, shikamoo. Hayo "meno tu" nimeyasoma mara tatu, na siwezi kuyapita kimya.

Mama yangu ametangulia mbele za haki. Picha nzuri ya mwisho tuliyokuwa naye ni ya kipaimara cha mdogo wangu, amesimama katikati ya watoto waliovaa meupe. Mashati yametoka safi, vifungo unavihesabu. Uso wa mama ni kivuli. Tulitaka kuikuza iwekwe mbele ya jeneza, tukashindwa. Tukatumia ya kitambulisho.

Mama hakuwa na kosa la kuwa mweusi. Ilikuwa saa nne asubuhi, nje ya kanisa, jua limejaa. Mpiga picha aliiachia kamera ipime yale mashati. Kamera haijui ngozi wala shela. Inachukulia kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ukiijazia weupe inapunguza mwanga mpaka weupe uwe kijivu, na uso unazama hukohuko. Dawa ni kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, unakishikilia huku unazungusha gurudumu mpaka +1. Kitufe hicho kipo kwenye 600D na kipo kwenye 2000D. Aliyempiga mama yangu alikuwa na kamera kubwa kuliko hizo zote mbili.

Bingwa wa Nyegezi
Dada, pole sana kwa mama. Lakini hapa tunajadili kamera, na Mzee hakumtukana mtu. Halafu hiyo +1 yako kwenye shela inaunguza. Maua yote ya kitambaa yanafutika, bibi harusi anapokea karatasi nyeupe yenye kichwa juu. Nimewahi kurudisha pesa ya watu kwa kosa hilohilo.

Dada wa Pasiansi
Bora shela iungue kidogo, uso uonekane. Hakuna anayekuza shela na kuitundika sebuleni.

Bingwa wa Nyegezi
Bibi harusi aliyelipia shela ile anaikuza, dada. Uliza wenye kumbi.

Fundi Lenzi
Pigeni RAW, yaani faili ghafi ya kamera, mwache ugomvi. Faili ni nzito, lakini uso unaweza kuuinua baadaye bila kuharibu kitambaa. Mkilazimika kupiga JPEG, pimeni uso wenyewe, msipime fremu nzima. Na hapa ndipo mleta mada anapaswa kufungua masikio: 600D ina kipimo cha nukta, kinachosoma kama asilimia 4 tu ya picha pale katikati. Unakielekeza shavuni, unafunga mwanga kwa kitufe cha nyota, unapanga fremu yako, unapiga. 2000D hawakuiwekea. Inaishia kwenye kipimo cha sehemu, kama asilimia 10. Mtu akiwa karibu kinatosha. Akiwa mbali kinameza na shela.

Mzee wa Makoroboi
Binti yangu wa Pasiansi, marahaba. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

Nilianza kazi hii kwa kubeba begi la mtu. Nimepiga watoto ambao leo nawapigia watoto wao. Zamani ulikuwa ukipeleka mkanda kusafishwa, unaugeuza geuza kwenye taa unatafuta sura, na sura za watu wetu zilikuwa zinapotea kweli. Tukaambiwa ndivyo tulivyo, tuongeze flashi. Tuliyashika kama sala. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba mashine imepimwa kwa kijivu. Mimi kitufe hicho nimekifahamu ukubwani, na aliyenionyesha ni kijana wa chuo, akiwa kwenye sherehe yake mwenyewe. Neno lile nimelitoa mdomoni mwangu, sitalirudia. Lakini nasimama palepale kwamba ukumbini usiku flashi ni lazima. Unaigeuzia dari nyeupe, mwanga unashuka kama maji. Ukimpiga nayo usoni moja kwa moja, paji la uso linang'aa jasho na nyuma yake giza tupu.

Dada wa Pasiansi
Asante, baba. Nimekuelewa. Hapo kwenye dari tuko pamoja.

Mama wa Nyakato
Jamani, mteja naye aseme. Nimeoza watoto wawili. DIGIC siijui wala siitaki. Ninachotaka, keki ikikatwa, dada yangu aliye Dar aione kwenye simu palepale. Mpiga picha wa kwanza alitupa picha baada ya wiki tano na msiba mmoja katikati. Wa pili alikuwa anazitoa kwenye kamera kwenda kwenye simu yake akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya ukumbi, tukazipata usiku uleule. Kama hiyo 2000D ndiyo yenye waifai, vijana wanunue hiyo wapate wateja.

Bingwa wa Nyegezi
Mama, memori kadi inachomolewa. Kisoma kadi ni kidude cha kukaa mfukoni, unakichomeka kwenye simu, picha zinashuka haraka kuliko waifai ya Canon. Lakini sauti usipoirekodi hairudi. Nilirekodi mahojiano Kigongo, daraja la Magufuli likiwa nyuma, kwa kamera isiyo na tundu la maiki. Nilipofika nyumbani nikakuta upepo wa ziwa mwanzo mwisho, mzee wa watu anafungua mdomo na kufumba. Tangu siku ile kamera isiyo na tundu la maiki siigusi, hata iwe imetoka kiwandani leo.

Mkazi wa Buzuruga
Maiki unaifunga kwenye simu, unarekodi pembeni, mwanzoni mtu anapiga kofi moja, mezani unalinganisha kofi na kofi. Kazi ya dakika tano. Naona kila kasoro ya 2000D hapa inakuzwa, na za mtumba zinafunikwa. Nani anauza 600D humu?

Fundi Lenzi
Mimi siuzi kamera, naosha lenzi. Na kwa kuwa umeniuliza, wewe unauza mpya?

Mkazi wa Buzuruga
Sina duka. Nilikuwa kwenye kikundi kilichokopa pesa hizohizo, tukanunua kamera ya mtumba kwa mtu, hakuna risiti, ikafa kioo cha ndani tukiwa tumepiga harusi tatu. Tulirudisha mkopo kwa kuuza pikipiki ya mwenzetu. Ndiyo maana nasema kwa ukali. Mnaongelea sura na shela, mimi naongelea pikipiki.

Dada wa Pasiansi
Kaka, hilo ungelitanguliza tangu mwanzo tungelisikia. Pole.

Fundi Lenzi
Pole mkuu, nimefuta wazo langu baya. Kwa hao vijana basi: mtumba una namna ya kuukagua. Lenzi ivue, washa tochi ya simu upande wa nyuma, chungulia mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Hapa kwetu ziwani unyevu ni wa mwaka mzima, lenzi iliyokaa begini kabatini inaota kuvu huku mwenyewe anadhani ameitunza. Ninazipokea hivyo kila wiki. Body, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ikague hivi: piga picha ya ukuta mweupe, punguza tundu la lenzi hadi f/16, ikuze, uone vumbi kwenye sensa. Fungua na kufunga ile skrini ya 600D mara kumi, waya wake ukiwa umechoka itazimika au itacheza rangi. Piga video dakika kumi uone kama inajizima.

Megapikseli zisiwasumbue. A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, inahitaji kama megapikseli 8.7. 600D ina 18. Hata A3 inaigusa.

Kijana wa Igoma
Wakuu nashukuru, nasoma yote. Kuhusu mtumba na pesa ya umma bado sijajibiwa. Sisi tumeambiwa tu tulete ankara kifani, na tukinunua tulete risiti ya EFD. Kuna mtu ananiuzia 600D kwa mkono, risiti hana.

Mpiga Picha wa Kirumba
Nimechelewa uzi. Hakuna aliyewaambia habari ya flashi kwenye 2000D? Angalieni juu pale inapochomekwa. Kamera za Canon tulizozizoea zina nukta za chuma tano: nne ndogo na moja kubwa katikati. Ile kubwa ndiyo inayowasha karibu kila flashi, hata isiyo ya Canon. Kwenye 2000D nyingi hiyo ya katikati imeondolewa. Flashi za Canon zenyewe zinawaka, na baadhi ya zinazoongea lugha ya Canon. Lakini zile za bei yetu, za kurekebisha kwa mkono, YN560 na wenzake, pamoja na triga za kawaida (vile vidude vya kuwasha flashi kwa mbali), hazisikii kitu.

Mzee wa Makoroboi
Subiri. Mtoto wa dada yangu alinunua 2000D mwaka juzi. Nikamwazima triga yangu kwa sendofu moja, ikakataa kata kata. Nikabadilisha betri, nikasugua vyuma kwa kifutio, nikaishia kumwambia triga imekufa. Nikanunua nyingine! Kumbe ile ya zamani ni nzima?

Mpiga Picha wa Kirumba
Nzima, mzee. Ichomeke kwenye kamera yako uone.

Mzee wa Makoroboi
Nimeichomeka. Imewaka.

Mkazi wa Buzuruga
Hilo sikulijua. Kama ni hivyo, mleta mada, bei ya 2000D ongeza na bei ya flashi inayokubaliana nayo ndipo ulinganishe. Lakini bila risiti usitoe hata senti ya mkopo, hata kama 600D ina pini kumi.

Kijana wa Igoma
Leo mchana tulienda mjini wote watano, kwenye duka moja linalouza mpya na zilizotumika, na risiti wanatoa kwa zote. Niliweka kidole juu ya 2000D kabla hata sijaiwasha. Nukta nne ndogo, katikati plastiki laini. Kwenye 600D ya kabati la chini kidole kimekuta ile kubwa, imechubuka rangi kwa kutumika.

Tukamsimamisha mwenzetu mlangoni, ndiye mweusi kuliko sisi wote, na alikuwa amevaa shati jeupe. Tukampiga kwa zote mbili bila kurekebisha chochote. Zote zimemzamisha uso. Tukapandisha +1, zote zimemrudisha. Kisha nikajaribu kipimo cha nukta kwenye 600D, nikakiweka shavuni kama Fundi alivyosema, shati likabaki na mistari ya pasi na macho yake yanaonekana. Aliyekuwa anashikilia 2000D akaiangalia kwenye skrini, akakaa kimya, akaniomba tena ile kamera apige yeye.

Lenzi ya hiyo 600D nimeimulika tochi. Kuna uzi mmoja mwembamba pembeni, karibu na ukingo, urefu kama punje ya mchele. Muuzaji anasema ni vumbi. Fundi, unasemaje?

Fundi Lenzi
Vumbi halina matawi. Angalia tena mwisho wa huo uzi kama umegawanyika. Kama umegawanyika mwambie aitoe hiyo lenzi, mchukue body peke yake na ile 50mm mpya. Na ankara iandikwe serial namba ya body, iliyopigwa chini ya kamera, siyo jina tu.

Kijana wa Igoma
Umegawanyika.